Boksi la Kirumba: Mihula Miwili ya Kutumia Vifaa vya Sanaa Vilivyokwisha Kutumika

Boksi la kwanza nililokabidhiwa mwezi Februari lilikuwa na penseli za rangi 212, nyingi zikiwa fupi kuliko kidole changu cha shahada, krayoni 140 zilizoyeyushwa na kumiminwa upya, makapeni 38, chupa sita za maji ya rangi, karatasi zilizochapwa upande mmoja zinazokaribia rimu mbili, na kichongeo kimoja tu. Naanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Wengi wanaoisifu huduma hii ya kukusanya vifaa vya sanaa vilivyokwisha kutumika na kuvigawa kwa ajili ya watoto husifu moyo wa wanaoitoa, na wanaoibeza huibeza kwa sababu vitu vyake vimekwisha kutumika, ilhali mwalimu mwenye watoto 96 katika chumba kimoja anataka kwanza kujua boksi lina nini ndani, vilivyomo vitadumu kwa muda gani, na kulifuata kutamgharimu kiasi gani. Nimeitumia huduma hii kwa mihula miwili, na katika Jumamosi nne nilikaa na wanaojitolea nikichambua pamoja nao, kwa hiyo nayaandika haya nikiwa mtu aliyelipokea boksi na pia aliyewahi kulijaza.

Huduma inaendeshwa na wakazi wa kujitolea katika chumba kimoja walichoazimwa nyuma ya nyumba ya kupanga huko Kirumba, jijini Mwanza, mwendo mfupi wa miguu kutoka soko la Mwaloni. Hakuna bango. Anayekwenda mara ya kwanza ashuke kituo cha Kirumba kwa daladala zinazoelekea uwanja wa ndege, kisha aulize walipo watu wa penseli. Akina mama wanaouza dagaa wanapajua, na mmoja wao ndiye aliyenipeleka hadi mlangoni. Chumba hufunguliwa Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Vitu hukusanywa kwa ndoo zenye mifuniko zilizowekwa katika maduka machache ya vifaa vya shule, katika baadhi ya shule binafsi, na katika nyumba za ibada zilizokubali. Mwalimu, mlezi wa kituo cha watoto, au mzazi anayekusanya watoto wa mtaa wake huandika barua fupi ya maombi yenye muhuri wa shule au wa serikali ya mtaa, akitaja idadi ya watoto na umri wao, na baada ya wiki mbili au tatu hupigiwa simu aende kuchukua. Hakuna malipo yoyote, na sikuwahi kuombwa "ya soda".

Shule ninayofundisha iko upande wa Igoma, na darasa langu ni la tatu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeweka somo la Sanaa na Michezo katika darasa hilo, na mtoto hawezi kufundishwa kuchanganya njano na bluu kwa kuandikiwa ubaoni kwamba zikichanganywa huwa kijani. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 mzazi hadaiwi ada katika shule ya msingi ya serikali, lakini daftari, penseli ya kawaida na sare zimebaki juu yake, na katika orodha ya mzazi mwenye watoto wanne, ambaye kipato chake hupanda na kushuka kwa kadiri dagaa walivyopatikana, penseli za rangi huwa za mwisho, kama zimeandikwa kabisa. Kabla ya boksi hili darasa langu lilikuwa na pakiti tatu za rangi nilizonunua kwa fedha yangu, na zilikuwa zikizunguka kwa zamu kama jembe la kuazima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaloipa huduma hii thamani yake, nalo ni uchambuzi. Kukusanya si kazi ngumu. Ukiweka ndoo dukani na kuandika kwamba unapokea vifaa vya sanaa vya watoto, itajaa, na itajaa kila kitu: kalamu zilizokwisha wino, raba zilizogeuka mawe, vipande vya rula, maganda ya ndizi, na safari moja, nikiwa nashuhudia kwa macho yangu, soksi. Baadhi ya watoaji huitumia ndoo ya msaada kama njia ya kufagia kabati bila kujilaumu. Kikundi cha kujitolea kinachopitisha mzigo huo moja kwa moja hadi shuleni kinakuwa kimemhamishia mwalimu kazi ya kwenda jalalani. Hawa wa Kirumba hawafanyi hivyo. Kwa makadirio yangu ya Jumamosi nne, karibu nusu ya kilichoingia kilitupwa au kilirudishwa, na kilichobaki kilipita katika meza tatu kabla ya kuingia katika boksi.

Meza ya makapeni inasimamiwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi cherehani, na ndiye aliyenifunza maana ya kuchambua. Siku yangu ya kwanza nilimwekea mbele yake rundo la makapeni nilizokwisha kuzijaribu.

"Shikamoo mzee. Hizi zinaandika."

"Marahaba, Mwalimu. Usiniambie inaandika. Nionyeshe mstari."

Kanuni yake ni kwamba kila makapeni ichore mstari wa urefu wa rula nzima, yaani sentimita 30, bila kufifia. Ikifika nusu ikakwama, inawekwa katika kopo la pili. Katika rundo langu la 50 na ushee zilipita 19. Nilikereka kidogo, lakini nilipozipeleka darasani makapeni za boksi langu nilimwelewa, kwa kuwa mtoto anayepewa kalamu inayokufa katikati ya jua alilokuwa akilipaka hukasirika kuliko asiyepewa kitu.

Zisizopita hazitupwi zote. Makapeni za wino wa maji hufunguliwa kwa koleo, utambi wake hutolewa, na tambi za rangi moja hulowekwa pamoja katika chupa ya maji kidogo kwa siku tatu au nne. Wino uliokaukia ndani huachia, na maji hayo huwa rangi nyepesi ya kupaka kwa brashi. Rangi hupauka kuliko rangi za maji za dukani, na bluu ndiyo hutoka vizuri zaidi. Nyeusi ina mambo yake: kwa kuwa wino mweusi wa aina hiyo kwa kawaida umetengenezwa kwa kuchanganya rangi kadhaa, tone lake likidondoshwa kwenye karatasi iliyolowa hutawanyika na kuonyesha zambarau, bluu na hata wekundu kidogo pembeni. Nilipanga dakika tano za jaribio hilo, likachukua kipindi kizima, na wiki nzima watoto walikuwa wakiniomba "ile nyeusi inayofunguka".

Hata hivyo chupa hizo zina kasoro ambayo sikuambiwa mapema. Wiki ya tatu maji ya njano na ya kijani yaliota ukungu na kunuka, nikalazimika kuyamwaga. Nilipowaeleza, hawakujitetea, boksi la pili lilikuja na chupa ndogo zaidi, kila moja imeandikwa tarehe ya kulowekwa na onyo kwamba yatumike ndani ya siku kumi. Hapo waliniridhisha.

Makapeni zenye harufu kali, zile za kuandikia kwenye plastiki na makatoni, hazipokelewi kabisa kwa ajili ya watoto, hata zikiwa mpya. Wino wake umeyeyushwa kwa spiriti au kemikali nyingine, na katika chumba cha watoto 96 chenye madirisha madogo mvuke wake huleta maumivu ya kichwa. Mifuko ya saruji, ambayo karatasi yake ya kahawia huwatamanisha walimu wengi, nikiwamo mimi, nayo hukataliwa, kwa sababu vumbi la saruji likikutana na jasho au maji huunguza ngozi. Maboksi ya kufungashia minofu ya sangara yaliyopakwa nta yalikataliwa baada ya majaribio: rangi ya maji huteleza juu yake kama maji juu ya jani la yungiyungi, na harufu haitoki.

Katazo lililoleta mjadala mrefu ni la rangi ya mafuta ya nyumba. Siku moja fundi rangi mmoja wa mtaani alileta makopo manane yaliyobaki katika kazi zake, kwa nia njema kabisa, na kijana mmoja wa kikundi akasema kwamba Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao, na leo mtindo unaoitwa kwa jina lake unajulikana duniani kote, kwa hiyo watoto wa Mwanza wananyimwa nini? Ni kweli kwamba Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitumia rangi hiyo ya mng'ao kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa bei anayoiweza. Lakini alikuwa mtu mzima. Rangi za mafuta, hasa zilizokaa stoo miaka mingi na zisizo na maelezo kwenye kopo, huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Madhara yake kwenye ubongo hayarudi nyuma. Mtoto wa darasa la tatu hupaka karatasi, hupaka dawati, kisha hula muhogo kwa mkono huohuo. Makopo yalirudishwa kwa mwenyewe kwa heshima, akaombwa brashi zake kuukuu badala yake. Mimi ningefanya uamuzi huohuo, ijapokuwa nakiri kwamba nililitazama kopo la bluu likiondoka kwa masikitiko.

Meza ya krayoni ndiyo inayovuta wageni, kwa kuwa watu hupenda kuona kitu kikiyeyuka. Krayoni ni nta ya parafini iliyochanganywa na rangi ya unga, na nta hiyo huanza kulainika ikifikia takriban nyuzi 50 za Sentigredi na huwa maji kabisa muda mfupi baadaye, ndiyo maana krayoni iliyoachwa dirishani mwa daladala inapinda. Vipande vilivyovunjika humenywa karatasi zake baada ya kulowekwa katika maji ya vuguvugu, hupangwa kwa rangi, na huyeyushwa katika sufuria ndogo iliyokalishwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka. Wakati fulani mwanakikundi mmoja aliona njia hiyo inachelewesha, akaiweka sufuria ya nta juu ya jiko la mkaa bila maji. Nta ilifuka moshi mzito na almanusura ishike moto, kwa kuwa parafini ikipata moto mkali huwaka kama mafuta ya taa. Tangu hapo jiko limetolewa nje, ndoo ya mchanga inakaa kando yake, na watoto wanaokuja na wazazi wao hawaruhusiwi kuvuka kamba iliyofungwa hapo. Sufuria zile, nafurahi kusema, zimechorwa msalaba mwekundu ili zisije zikarudi jikoni kupikiwa ugali.

Kalibu za kumiminia zinastahili aya yake. Wakazi wa Mwanza wanalijua eneo la Makoroboi, lililopata jina lake kutokana na vile vibatari vilivyotengenezwa huko kwa makopo na mabati chakavu. Kikundi kilimpelekea fundi mmoja wa huko kizibo cha soda na kumwomba atengeneze kalibu yenye matundu 20 ya upana kama huo lakini yenye kina zaidi, naye akaikunja kutoka katika bati la debe la mafuta. Ina mshono mmoja unaovuja kidogo. Krayoni inayotoka humo ni nene na ya mviringo, mfano wa kidonge kikubwa, na kwa mtoto mdogo ambaye bado hajaweza kushika kalamu kwa vidole vitatu umbo hilo ni bora kuliko krayoni ndefu ya dukani, kwa sababu haivunjiki na hushikika kwa kiganja. Mwalimu mwenzangu wa darasa la awali alinichukulia 60, na hajazirudisha.

Kwa darasa la tatu, hata hivyo, vidonge hivyo havifai kuchora kitu chenye ncha wala kuandika jina chini ya picha. Ubora wake pia haulingani. Krayoni za bei ya chini zina nta nyingi na unga mwingi wa kujazia, na zinapoyeyuka unga huzama chini ya sufuria. Asipokoroga mtu hadi dakika ya kumimina, vidonge vya kwanza huwa nta tupu inayoteleza juu ya karatasi bila kuacha alama, na vya mwisho huwa vikavu vinavyomeguka. Katika 140 nilizopewa nilihesabu 33 za namna ya kwanza. Kuna pia rangi moja ambayo nadhani walimu wote tunaohudumiwa tunaifahamu, ile ya tope, inayotokea kila mtu anapoamua kuunganisha mabaki yote ya siku katika sufuria moja ili yasipotee. Nimewaandikia kuwaomba waache. Watoto wameipa jina la Mto Mirongo.

Penseli za rangi ndizo zilizonifaa kuliko vyote. Fupi kabisa huunganishwa na ganda la kalamu ya wino iliyokwisha: ganda hukatwa, penseli husukumwa ndani hadi ikabe, na mtoto anapata kishikio cha urefu wa kawaida. Kwa njia hiyo penseli ya sentimita nne hutumika hadi inabaki kipande cha kung'oa kwa koleo. Tatizo lake ni la rangi zinazopatikana, na halikuletwa na kikundi bali na watoto waliozitumia kwanza. Mtoto yeyote humaliza nyekundu, bluu na kijani, kwa hiyo kinachofika katika ndoo ni kile alichokiacha: nyeupe, njano, na kahawia. Katika zile 212, nyeupe zilikuwa 31, na nyekundu zilikuwa 9 kwa watoto 96, wakati kila mmoja wao alitaka kuchora bendera, moyo, au jezi. Nilikaa jioni moja nikijiuliza nyeupe 31 ni za nini, hadi nilipokata kadibodi ya kahawia ya boksi lenyewe walilonipa na kuwaambia wachore samaki usiku. Juu ya kahawia nyeupe huonekana vizuri, na sato wa mwanafunzi mmoja, mwenye magamba aliyoyachora moja moja, bado ninaye ukutani. Kikundi sasa kinanunua nyekundu mpya kwa michango midogo na kuzichanganya katika maboksi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni matumizi bora ya fedha kuliko fulana walizokuwa wakifikiria kushona.

Upande wa karatasi sina maneno mazuri. Karatasi za ofisi zilizochapwa upande mmoja ni wazo zuri, kwa kuwa upande wa pili ni mweupe na hauna kosa, na kalenda za mwaka uliopita ni bora zaidi kwa uzito na ukubwa wake. Lakini katika boksi la kwanza, nilipokuwa nagawa, mwanafunzi mmoja aliniletea karatasi yake na kuniuliza kwa nini kuna jina la mtu na namba ya simu nyuma. Nilizipitia zote usiku ule. Karatasi zipatazo 40 zilikuwa fomu zenye majina kamili, namba za simu na kiasi cha fedha ambacho watu wanadaiwa, zilizotoka katika ofisi ambayo sitaitaja. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kuchora twiga nyuma ya madeni ya watu, na baadhi ya twiga hao walikuwa wamepelekwa nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaibana taasisi iliyozikusanya taarifa hizo, na kosa la kwanza ni la ofisi iliyozitoa bila kuzikagua. Lakini kikundi kinachojivunia meza tatu za uchambuzi hakikuwa na meza ya karatasi. Walipokea simu yangu, wakaja kuzichukua siku ya pili kwa bodaboda, wakazichoma. Kwa muhula wote uliofuata hawakupokea karatasi za ofisi. Boksi la pili lilikuja na kalenda na mabaki ya kiwanda cha uchapaji, ambayo ni meupe pande zote mbili lakini yamekatwa kwa upana wa utepe, hivyo tulichora nyoka, treni, na madaraja. Tulichora daraja la Kigongo na Busisi kwa tepe saba zilizobandikwa pamoja.

Gharama za kulifuata boksi hazitajwi na wanaosema huduma ni ya bure. Kutoka Igoma nilipanda daladala mbili kwenda, na kurudi nililazimika kuchukua bodaboda kwa sababu kondakta hakutaka boksi mlangoni. Kwa jumla nilitumia shilingi 6,000 na nusu siku ya Jumamosi. Kumpa kila mtoto penseli mbili mpya kungenigharimu pakiti 16 za penseli 12, na pakiti niliyoulizia mjini ilikuwa shilingi 2,500, yaani shilingi 40,000. Bado nimepata nafuu. Lakini mwalimu wa Ukerewe, ambaye lazima avuke na feri kutoka Nansio na pengine alale mjini, hapati nafuu hiyo, na orodha iliyobandikwa ukutani pale Kirumba inaonyesha wazi kwamba maboksi mengi yameishia Kirumba, Kitangiri, Pasiansi na Nyamanoro. Walio karibu na mlango ndio wanaoshiba. Nimewapendekezea wawe na siku moja kwa muhula ya kupeleka maboksi gatini ili mtu anayesafiri ayabebe, na wamelipokea wazo hilo bila kuahidi.

Wanaojitolea katika daftari la mahudhurio ni 23; wanaoonekana kila Jumamosi ni watano, wakiwamo yule mzee, mama mmoja muuza dagaa, na wanachuo wawili ambao wakiwa na mitihani meza ya krayoni hufungwa. Huko New York, Marekani, kuna huduma ya jiji iitwayo Materials for the Arts, iliyoanza mwaka 1978, inayopokea mabaki ya biashara na kuyagawa kwa shule za umma na vikundi vya sanaa. Ina ghala, wafanyakazi wa kulipwa na bajeti ya serikali. Kuwalinganisha watu watano na hao kungekuwa uonevu, ila kuna jambo moja dogo lisilohitaji bajeti ambalo kikundi chetu kingeweza kuliiga, nalo ni kumwacha mwalimu aingie na kujichagulia anachokihitaji badala ya kumfungia boksi tayari. Mimi ningeacha penseli nyeupe 20 na kuchukua brashi mbili. Nilipolisema hilo mezani, mama wa dagaa alicheka.

"Mwalimu, tukikuachia uchague, nyekundu zote utaondoka nazo wewe."

Sikuweza kumbishia.

Nani aitumie? Mwalimu wa awali na wa madarasa ya chini asisite, hasa kwa krayoni za vidonge na penseli. Mwalimu wa sekondari anayefundisha kuchora kwa umakini hatapata anachokitafuta: hakuna brashi nyembamba, penseli laini za kutia kivuli hazifiki mara kwa mara, na karatasi nzito ni kwa bahati. Mzazi mwenye watoto wawili asichukue nafasi ya darasa zima. Anunue pakiti moja, kisha vipande vikibaki apeleke katika ndoo. Kama ningekuwa nasahihisha, penseli ningezipa A, uchambuzi wa makapeni A, krayoni B, na karatasi D, pamoja na maelezo pembeni kwamba mwanafunzi ameonyesha juhudi tangu jaribio la kwanza.

Kwa anayetaka kutoa, mzee wa makapeni ameniomba niandike mambo mawili. Funika makapeni kabla ya kuitia katika ndoo, kwa kuwa ikikaa wazi siku tatu katika joto la Mwanza imekwisha hata kama ilikuwa mpya. Na vichongeo, ambavyo hakuna anayekumbuka kuvitoa, ndivyo vinavyohitajika kuliko kitu kingine chochote: penseli 212 na kichongeo kimoja kwa watoto 96 ni foleni ya kipindi kizima, na kile changu kilikufa makali wiki ya pili, nikamalizia muhula kwa wembe nikiwa nachonga mwenyewe wakati wa mapumziko.

Barua yangu ya boksi la tatu nimeipeleka Jumamosi iliyopita, ikiwa na muhuri. Nimeomba penseli zozote zilizopo, krayoni 40 bila ile ya tope, chupa mbili za nyeusi zenye tarehe, na vichongeo sita. Pale palipoandikwa karatasi nimepiga mstari.